Plaizi Iliyong'ata

Plaizi ilimteleza fundi bomba akiwa amelala chali chini ya sinki la watu, vipini vikamtandika mdomoni. Damu haikutoka nyingi, ila mdomo wa juu ulivimba kana kwamba nyuki wawili wamepishana hapo. Wenye sinki wakampa pole huku wakiangalia pembeni, wasije wakacheka mbele ya mgonjwa.

Hakuwa na wa kumlaumu. Plaizi ile aliinunua mwenyewe, tena bila kuitaka. Ilikuwa ya kupanuka, ile ambayo unasogeza taya kutoka tundu moja hadi jingine kulingana na unene wa bomba. Lakini pini yake ya katikati ilikuwa imelegea, taya moja ikienda huku na nyingine ikienda kule, kama mke na mume waliogombea ufunguo. Siku ya kuinunua aliuona ubovu huo kwa macho yake mawili. Muuzaji akamwambia, "Hii ndiyo yako, fundi," naye akajibu, "Haya."

Neno hilo ndilo lililompa jina. Mtaa mzima ulimwita Fundi Haya, na hakuna aliyejua kama ni haya ya kukubali au haya ya kuona aibu. Kwa ufundi, mkono wake ulikuwa mwepesi na jicho lake kali. Ila kumkatalia mtu mzima mwenzake kulimshinda. Alikwenda kununua mpira wa koki akarudi na pazia la bafuni. Alikwenda kununua msumeno akarudi na msumeno, ndiyo, pamoja na ngazi isiyofika popote.

"Safari hii huendi peke yako," mkewe alimwambia, akimkanda mdomo kwa kitambaa cha maji ya moto. "Utakwenda na mama."

Fundi Haya alitamani plaizi impige tena.

Mama mkwe alikuwa amekuja kuwatembelea. Alikuwa mwanamke mpana, mwenye viganja kama makasia, aliyeshona maturubai na mahema mpaka alipostaafu. Tangu aoe, mazungumzo ya Fundi Haya na mama huyo hayakuwahi kuvuka "shikamoo, mama" na "ndiyo, mama." Akimkuta sebuleni alipita ubavu ubavu kama kaa. Sasa aongozane naye barabarani mchana kweupe, kwenda kununua plaizi!

"Haya," akasema.

Njiani mama mkwe alitangulia, mkoba kwapani. Aliuliza kama duka liko mbali. Si mbali, mama. Aliuliza kama mdomo unauma. Kidogo, mama.

Mwenye duka la vifaa aliitwa Dhamana, kwa kuwa hakuna kitu alichouza bila kukiwekea dhamana ya mdomo. Alipomwona Fundi Haya akiingia, uso ulimchanua kama wa mtu aliyeletewa mgeni na zawadi kwa pamoja.

"Fundi wangu! Karibu! Karibu na mama!"

Kabla hajaulizwa, akaweka mezani plaizi inayong'aa kama kioo, vipini vimevikwa mpira mwekundu wenye mistari ya manjano. "Mzigo mpya huu. Hii ndiyo yako, fundi."

Mama mkwe akaichukua yeye. Akaifungua, akaifunga, akaitikisa karibu na sikio.

"Inacheza," akasema.

"Inacheza nini, mama?"

"Kiuno. Mkasi ukilegea kiuno haukati, unatafuna. Huyu naye ni ndugu wa mkasi."

"Mama, hiyo ina dhamana ya maisha!"

"Maisha ya nani?"

Mama mkwe akamgeukia mkwewe. "Wewe ndiye fundi. Unasemaje?"

Fundi Haya alikuwa na mengi ya kusema. Kwamba taya zikibana lazima zibaki sambamba. Kwamba meno ya juu na ya chini yalale kwa kupingana, ili kadiri unavyovuta ndivyo yanavyozidi kuuma. Kwamba ukikamua vipini mpaka mwisho lazima ibaki nafasi, la sivyo vitakubana vidole. Yote hayo yalipanda mpaka kooni, yakapiga foleni, yakakaa hapo hapo.

"Ni… nzuri tu, mama."

Mama mkwe alimtazama kama anavyotazamwa mtu aliyeshona suruali yenye mguu mmoja.

"Kuna nini cha kubishana?" Dhamana akaingilia. "Ijaribuni! Huko nyuma nina nati kwenye bomba, imewashinda mafundi wote. Hii itaifungua kama kifuniko cha chupa."

"Na maji?" Fundi Haya akauliza.

"Maji yalikatika tangu jana. Bomba kavu, dhamana."

Wakaenda nyuma, kwenye kijichumba chenye beseni la kunawia na bomba lililotoka ukutani. Fundi Haya akaikaza ile nyekundu kwenye nati, akavuta. Ikateleza. Akaikaza tena kwa nguvu zaidi, vipini vikakutana na kidole chake cha kati kikiwa humo ndani. Alirukaruka kwa mguu mmoja bila kutoa sauti.

"Umeikamata vibaya," Dhamana akasema.

"Ile inayozuia mlango usijifunge ni nini?" mama mkwe akauliza.

Lilikuwa boksi lililochakaa, limejaa plaizi nyeusi zilizopakwa grisi. Dhamana akapunga mkono. "Hizo hazina soko, mama. Hazina hata rangi."

Fundi Haya akainama, akatoa moja, akaifuta kwa shati. Ilikuwa nzito mkononi, uzito wa kitu kinachojua kazi yake. Akasogeza taya, kila hatua ilijibu *tak*, ikatulia. Akaitikisa, haikucheza. Akaibana kwenye nati kisha akaachia kidogo kidogo, mpaka ikabaki inaning'inia yenyewe, imeng'ata. Tabasamu lilimtoka bila ruhusa. Kwa dakika ile alisahau kuna mama mkwe, alisahau kuna Dhamana. Akavuta mara moja, kwa ulaini. Nati iliyowashinda mafundi ikazunguka, ikazunguka tena, ikatoka mkononi mwake kama pete.

Ndipo bomba likakohoa.

Likakohoa mara ya pili, na maji yaliyokatika tangu jana yakarudi yote kwa pamoja, yakamchapa Fundi Haya kifuani, yakapiga dari, yakateremkia kwenye maboksi ya misumari.

"Koki kuu iko wapi?" alipiga kelele.

"Nyuma ya mabati!" Dhamana akajibu, ameshika kichwa. "Chini ya saruji! Nyuma ya mabati!"

Huko hakukufikika upesi. Fundi Haya akairudisha nati mahali pake, lakini kila akikaza, bomba zima lilizunguka nayo, likitishia kung'oka ukutani. Alihitaji mkono wa pili wa kulishika bomba lisizunguke. Akageuka, akamkuta mama mkwe ameshajifunga gauni magotini, kilemba kimeloa hadi kwenye nyusi, ile plaizi nyekundu mkononi.

"Nishike wapi?"

"Hapo chini ya nati, mama, kama hutajali…"

Akabana. Ikateleza. Akabana tena, ikateleza, maji yakamjaa kinywani.

"Bana tu, mama!" Dhamana akahimiza kutoka mlangoni, pakavu. "Hiyo ina dha—"

"SITAKI!"

Wote watatu waliganda. Sauti ilikuwa ya Fundi Haya.

"Sitaki dhamana! Leta nyeusi nyingine! Haraka! Na wewe mama, tupa hilo dude, shika hiyo, bana! Usiongee, bana! Kwa nguvu zote!"

Dhamana akachomoa nyeusi nyingine kwenye boksi, akampa mama mkwe, naye akabana. Viganja vilivyovuta maturubai miaka na miaka vikakaza, meno ya plaizi nyeusi yakauma, bomba likatulia kama mbuzi aliyeshikwa pembe. Fundi Haya akakaza kwa ile ya kwanza. Maji yakawa mchirizi, mchirizi ukawa matone, matone yakaisha.

Sasa Fundi Haya akasikia alichokisema, neno kwa neno. Amempigia kelele mama mkwe. Amemwambia asiongee.

"Mama… nisamehe. Sikuwa…"

Mama mkwe alikuwa amempa mgongo, mabega yakitetemeka. Analia, Fundi Haya aliwaza, nimemliza mama wa mke wangu kwa ajili ya nati. Akamsogelea. Mama akageuka, machozi ni kweli yalikuwepo, lakini alikuwa akicheka mpaka anashikilia ukuta.

"Miaka yote hii," akasema akitafuta pumzi, "mimi nilijua binti yangu kaolewa na bubu!"

Fundi Haya naye akacheka, mdomo uliovimba ukamuuma, akazidi kucheka.

"Haya niambie," mama mkwe akasema, akiigeuza plaizi nyeusi mbele ya macho. "Kwa nini hii inauma na ile inalamba?"

Akamweleza. Mwanzo kwa kigugumizi, kisha yakamiminika, meno na taya na pini, yote yaliyokuwa yamepiga foleni kooni. Mama mkwe alisikiliza, akauliza, akabisha mahali pamoja, na hapo alikuwa na hoja.

Dhamana aliwafungia nyeusi mbili kwenye gazeti, akijisifu kwamba tangu mwanzo alizihifadhi kwa ajili ya mafundi wa kweli. Mkono wake ukateleza taratibu hadi kwenye ile nyekundu. "Na hii uchukue tu, fundi wangu. Siku moja itakufaa."

Fundi Haya akaitazama ile nyekundu. Mama mkwe alikuwa anaangalia dari kwa makini, kana kwamba imeandikwa kitu.

"Hapana," Fundi Haya akasema. Haikuwa kwa kelele. "Ahsante."

Walipofika nyumbani, mkewe aliwatazama kutoka utosini hadi kwenye viatu vilivyokuwa vikipiga *chwa, chwa*. "Jamani, huko kumenyesha?"

"Muulize mumeo aliyefungua nati bila kufunga koki," mama yake akajibu, akipita.

"Si niliambiwa bomba ni kavu!" Fundi Haya akamfuata ndani. "Na wewe, mama, uliishika juu mno. Nilikuambia chini ya nati."

"Juu? Mimi? Njoo hapa nikuonyeshe nilivyoshika!"

Mkewe alibaki mlangoni na taulo mbili mikononi, akisikiliza mumewe na mama yake wakibishana jikoni kwa sauti za juu, na hakuna aliyekuwa na mpango wa kunyamaza.