Rauta ya Achuka na Kigoda cha Mkwe

Achuka wa mtaa wa Chechelesi hakuwa mtu wa kuambiwa. Ukimwambia sufuria ina moto, ataishika ndipo akuamini. Sasa mtu wa namna hiyo akipewa mashine inayozunguka kasi kuliko akili yake, majirani wafanye nini kama si kumwomba Mungu?

Mashine yenyewe ilikuwa rauta, ile ya mkono yenye vishikio viwili na springi. Ukiibonyeza, biti, yaani kile kisu chake kinachozunguka, inazama kwenye mbao kuchonga. Ukiiachilia, biti inarudi ndani yenyewe. Achuka aliipata kwenye mafunzo ya shirika moja lililokusanya mafundi katika ukumbi wa hoteli mjini. Mwalimu alihubiri usalama tangu asubuhi, naye Achuka akalala fofofo mpaka harufu ya pilau ilipomwamsha. Alikula, akaongeza, akapigwa picha ameshika cheti, akarudi nyumbani bingwa. Miwani ya kukinga macho aliipandisha kwenye paji la uso, akawa anazurura nayo sokoni kama rubani aliyepotelewa na ndege. Vile vya kuziba masikio navyo alivivaa, ila alivivaa nyumbani, mkewe Joy akianza kusema.

Na zile springi je? Alizifunga! Alikata kipande cha tyubu ya baiskeli, akaikaza rauta ikabaki imezama, biti nje wakati wote.

"Zamisha, inua, zamisha, inua," alilalamika. "Kwani mimi ni kuku anakunywa maji?"

Galgalo, fundi wa kuchomelea vyuma aliyepakana naye ukuta, alikuwa kwenye mafunzo yale yale na hakulala. Alipita asubuhi moja kutoa salaam aleikum, akaiona ile tyubu, salamu ikamkatikia mdomoni.

"Wallahi Achuka, hiyo springi ndiyo inakuokoa! Ikikutoka mkononi, biti inajificha. Sasa umemfunga fisi mdomo wazi."

"Wewe choma vyuma yako," Achuka akamjibu, na Galgalo akaenda kuchoma vyuma vyake.

Ingekuwa ni habari ya mbao tu, tungecheka tukaenda zetu. Lakini kulikuwa na Tari. Tari alikuwa binti wa Achuka na Joy, wa umri wa kutembea akianguka, na Achuka alimpenda, hilo hatutamnyima. Alimbeba mabegani mpaka kinyozi. Alimtengenezea kitanda kabla ya kumaliza chao wenyewe. Ila kwa mila ya Waturkana, mtoto ni wa baba ya mama yake mpaka harusi ifanywe. Achuka na Joy walikuwa wamekaa tu pamoja, kama vijana wengi wa mjini. Basi kila mtu wa ukoo alipomtaja mtoto kama Tari wa Nanok, babu yake mzaa mama, Achuka alisikia uchungu wa kweli, akajifanya anatafuta misumari.

Mbuzi wa mahari walikuwa tayari, wanene, wamefungwa nyuma ya karakana wakila maboksi. Kilichobaki ni kigoda.

Hicho kigoda kilikuwa balaa la Achuka mwenyewe. Siku ya kwanza kwenda Ngaremara kwa Mzee Nanok, baba ya Joy, alifika amechoka, akaona kitu cha kukalia, akakikalia. Ala! Ilikuwa ekicholong ya mzee. Kigoda kile mzee hutembea nacho mkononi, hukikalia barazani na kukilalia kichwa usiku. Hata mwanawe wa kuzaa hakikalii. Achuka akajibwaga juu yake kama gunia la mahindi, na kigoda kikapasuka ka! mbele ya wazee wote.

Mzee Nanok hakupiga kelele, na hapo ndipo watu walipoogopa.

"Utanitengenezea ingine," alisema. "Na nitakuja kuangalia ukitengeneza. Nataka kuona mkono yenye inachukua binti yangu."

Joy alimsihi Achuka atumie tezo ya babu yake, ambayo ilikuwa imening'inia ukutani ikishika vumbi. Achuka akacheka hadi akakohoa. Tezo! Mtu mwenye cheti!

Mzee alikuja asubuhi, jua halijakaza. Alikataa kiti, akasimama karibu na mlango na fimbo yake. Tari alikaa kwenye lundo la maranda pale pembeni, akijivisha yale yaliyojikunja kama bangili. Galgalo alizima moto wake akaja kuchungulia, maana jambo kama hili hukosi kuliona.

"Baba Tari, bana mbao kwa meza," Joy akasema kwa sauti ya chini, asimwaibishe mbele ya baba yake.

Meza ilikuwepo, tena imara, na jiriwa yake ya chuma ya kubania mbao. Achuka hata hakuitazama. Alitaka mzee aone kwamba mjini hakujamla, kwamba bado ni Mturkana wa Waturkana. Akavua viatu, akaketi chini, akakibana kile kipande cha mti kati ya nyayo zake.

"Babu yangu alikuwa anashika hivi," alitangaza. "Na baba ya babu. Miguu yetu iko na macho!"

Ni kweli, babu alishika mti kwa miguu, na alikufa na vidole vyake vyote. Lakini babu alishika tezo, na tezo mkono ukisimama nayo inasimama. Huyu mjukuu aliwasha rauta, akakifungia kitufe kisizime, miwani ikiwa kwenye paji la uso inamulika dari. Mkono mmoja ukashika mti, mmoja ukabaki na mashine yenye vishikio viwili. Mzee Nanok alikunja uso kwa kelele ile.

Biti iligusa mti. Mwalimu wa pale hotelini alikuwa amesema, wakati mtu fulani anakoroma, kwamba rauta husukumwa kinyume na inavyozunguka, kidogo kidogo. Achuka aliivuta kule kule ilikotaka kwenda, tena kwa pupa. Basi ikaenda! Mti ulichomoka miguuni ukagonga ukuta, biti ikapitia kidole gumba cha mguu ikauchukua ukucha wote.

"Maaamaaa!"

Achuka aliitupa rauta, akaruka. Na aliruka, jamani! Sijui kama swala wa Samburu angemfikia. Tulipomtafuta kwa macho alikuwa juu ya meza, ile ile ya kubania mbao, amekumbatia mguu.

Rauta ilianguka sakafuni ikiwa hai. Springi zimefungwa, biti nje, kitufe kimefungiwa. Ikawa inakwaruza saruji, inaruka, inajigeuza, inakimbia na waya nyuma yake, kuelekea lundo la maranda. Tari aliiona inakuja, akapiga makofi. Alidhani ni mchezo.

Joy hakupiga yowe. Alijitupa ukutani akang'oa plagi. Wakati huo huo Mzee Nanok, na magoti yake yale ya kulia kila akiinama, alikuwa ameshaangusha fimbo na kumnyakua mtoto. Mashine iliingia kwenye maranda mahali Tari alipokuwa ameketi, ikanguruma, ikafifia, ikanyamaza.

Hata mbuzi wale nje waliacha kutafuna.

"Asiyesikia la mkuu," Galgalo akaanza, kwa sauti ndogo.

"Galgalo, nyamaza," Joy akasema.

"Huvunjika guu," Galgalo akamalizia, kwa sababu methali haiachwi nusu. Halafu akaona aibu mwenyewe, akarudi kwake.

Damu ilidondoka kwenye meza. Achuka aliona watu wote wanamtazama, akafanya alichozoea, akasema. "Mzee, hiyo mti ni mbichi. Sio mkono, ni mti. Nitatafuta mti mzuri, kesho tu..."

"Mti ni kitu kidogo," Mzee Nanok alimkata. Alikuwa anahema, Tari begani mwake akichezea shanga zake za shingo. "Hata mimi niliharibu miti mingi nikiwa kijana. Mguu nayo ni yako, ukitaka kukata, kata. Mimi nauliza kitu moja. Hiyo mashini ulitupa, ulitupa upande gani?"

Achuka alitazama maranda.

"Sikuangalia, mzee."

Hilo lilikuwa neno lake la kwanza la ukweli tangu mafunzo.

"Na wewe ukakimbia upande gani?"

Alikuwa bado juu ya meza.

Mzee Nanok aliokota fimbo yake polepole. "Hizo mbuzi zako ni nzuri," alisema. "Peana maji, jua inakuja kali. Sitaenda nazo."

Achuka akaelewa, na safari hii hakujifanya anatafuta misumari. Machozi yalimtoka waziwazi, mwanamume mzima. "Mzee, tafadhali. Na mtoto wangu?"

"Mtoto yangu nitalala nayo Ngaremara," mzee alisema, bila ukali wowote, akatoka naye juani.

Achuka alimgeukia Joy. Mke wake huwa anamwombea msamaha, hata akikosa hadi mwisho, basi Achuka akamnyoshea mkono amsaidie kushuka. Joy alikuwa bado ameshika ile plagi. Aliitazama, akaiweka juu ya meza karibu na mguu wa mumewe, taratibu, kama mtu anayempa mgonjwa maji. Akachukua leso yake.

"Shuka tu, Achuka," akamwambia. "Nimeizima. Hakuna kitu ya kuogopa sasa."

Akawafuata baba yake na mtoto.