Saa Moja na Dakika Tano

Aliyeandika mtandaoni kwamba kutoka Lahore hadi Delhi ni saa moja na dakika tano kwa ndege, Mungu amlipe kwa kadiri ya ujinga wake. Umbali kaupima vizuri. Ndege yenyewe hakuitafuta, maana haipo. Serikali mbili zimenuniana, anga imefungwa, mpaka wa barabara umefungwa, na sisi tunaooana huku na huko tangu enzi za mababu tunazungushwa hadi Dubai.

Mama alifariki Delhi kabla ya alfajiri. Mdogo wangu Nafis alinipigia akilia, nami nikamwambia neno moja tu: msimzike kabla sijamwona uso. Kwetu wanawake hatuendi makaburini. Jeneza likishavuka kizingiti, basi tena. Na mimi, niliyeolewa Lahore, nilikuwa na miaka minne sijamtia mama machoni.

Nafunga mkoba, simu ikalia. Baba mkubwa Ikramuddin, kaka yake marehemu baba. Tangu anunuliwe simu ya maana, hakuna asilolijua.

"Shagufta, nimeshaangalia. Kilomita mia nne na ushei. Saa moja na dakika tano. Adhuhuri utakuwa umefika."

"Baba mkubwa, hakuna ndege ya moja kwa moja. Napitia Dubai."

"Dubai? Mama yako maiti ndani, wewe unakwenda Dubai?"

"Siendi kutembea! Ndiyo njia!"

"Mimi si mtoto mdogo, binti. Imeandikwa hapa, na ramani ninayo." Akakata.

Asiyejua maana haambiwi maana. Nikapanda ndege ya kuelekea magharibi, nikampa mama kisogo ili nimfikie. Dubai nilipiga simu mpaka kidole kikauma, Nafis hapokei. Mhudumu aliponiuliza nataka kuku au mboga, nilimjibu vibaya, na mpaka leo sijutii.

Nilifika Delhi, mtaani kwetu Ballimaran, adhana ya magharibi ikisikika. Mlangoni hapakuwa na kiatu hata kimoja cha mwanamume. Nikaelewa. Shangazi alitaka kunikumbatia, nikamsukuma.

Wanaume wakarudi kutoka makaburini muda si mrefu, baba mkubwa mbele, udongo bado mikononi.

"Tumekungoja mpaka alasiri," akasema mbele ya watu wote. "Saa moja na dakika tano, Shagufta! Ulikuwa unajipaka hina?"

"Nani aliwaambia mumtoe?"

"Maiti hacheleweshwi. Na joto lote hili, ulitaka mama yako aharibike?"

Nafis alisimama nyuma yake, macho chini. "Nilimwambia, dada. Akasema ungetaka kuja ungeshafika. Akaninyang'anya simu."

Nilitamani kuwapiga wote wawili. Nikageuka nisije nikafanya hivyo, na ndipo nikaona pale uani, mahali walipokuwa wamemlaza mama. Karai bado lilikuwepo, limejaa mabonge ya barafu waliyomwekea asiharibike. Makubwa. Hayakuwa yameyeyuka hata nusu.

Nilinyanyua bonge moja kwa mikono miwili, likaniunguza vidole, nikaenda nalo hadi kwa baba mkubwa na kumbwagia mikononi.

"Shika," nikamwambia. "Hili peke yake lingenitosha."

Akalishika. Maji ya matope yakaanza kumchuruzika kwenye kanzu, na hakujua aliweke wapi.