Treni Inayosimama Igumbya

Treni ya Ijumaa kutoka Mwanza ilipokaribia Igumbya, dereva Edson alikuwa anamenya yai la kuchemsha. Chumvi ilikuwa kwenye kipande cha gazeti juu ya meza ya mitambo, karibu na chupa ya chai. Mvua ilikuwa imekatika mchana ule, na mbuga za kando ya reli zilikuwa zimejaa maji, mpunga ukichungulia juu. Treni ikaanza kupunguza mwendo. Edson hakuwa amegusa breki. Ilipunguza taratibu, kwa adabu, kiasi kwamba yai halikubiringika, ikasimama behewa la daraja la tatu likiwa sawasawa na jukwaa la zamani.

Igumbya hakikuwa kituo tena. Mwaka uliotangulia reli ilikuwa imefanyiwa mageuzi: njia na madaraja vilibaki serikalini, treni za abiria zikakabidhiwa kampuni mpya iliyoitwa Kanda Reli. Kampuni ilikuwa inapimwa kwa mambo kadhaa, na kubwa kuliko yote lilikuwa kufika kwa wakati. Treni iliyofika kwa wakati ilipewa rangi ya kijani, iliyochelewa kidogo njano, iliyochelewa sana nyekundu, na rangi hizo zilibandikwa ubaoni kwenye korido ya ofisi ya Mwanza, ambako hata wafagiaji waliziona. Vituo vidogo visivyo na abiria wa kutosha vilifutwa, maana kila kusimama kulikula dakika. Watu wa kuhesabu abiria walifika Igumbya mwezi wa nane, vumbi likiwa limetanda na kila mwenye safari akipanda bodaboda. Msimu wa mvua, barabara inapozama na treni peke yake ndiyo inayopita, haukuhesabiwa.

Edson alichungulia dirishani. Jukwaani alikuwa amesimama mwanamke mjamzito, mkono mmoja kiunoni, mwingine umeshika kifurushi. Edson alimfahamu. Alikuwa amemwona mara moja tu, mwanzoni mwa mvua, mahali pale pale, amelazwa kwenye kitanda cha kamba, mumewe akipunga khanga nyekundu kuomba treni isimame. Siku ile Edson alipiga honi akapita. Mwanamke, jina lake Euphrasia, alifia jukwaani kabla ya jua kuzama, mtoto akiwa tumboni, akazikwa nyuma ya nyumba yake pembeni ya shamba la pamba.

Sasa alipanda ngazi za behewa, akihema kama wahemavyo wajawazito, akawaamkia waliomzidi umri, akakaa dirishani. Mara tu alipokaa, treni iliondoka.

Mkagua tiketi wa behewa lile aliitwa Chacha, mtu wa Tarime, mwenye mwili mkubwa na sauti ndogo.

"Unashuka wapi, dada?"

"Shinyanga. Nakwenda hospitali ya mkoa."

"Tiketi?"

"Stesheni imefungwa. Ningekatia wapi?"

Chacha aliona ana haki. Alitafuta Igumbya kwenye mashine yake ya tiketi ili amkatie humo humo, lakini jina lilikuwa limeshaondolewa. Akairudisha mashine mfukoni na kwenda kwa abiria mwingine. Walipofika Shinyanga, Euphrasia alishuka na kuelekea barabara ya hospitali, akipumzika kila baada ya hatua chache. Treni iliyofuata ilipofika Igumbya, alikuwa amesimama jukwaani tena, na treni ilisimama tena.

Habari zilienea vijijini upesi. Watu wa Igumbya hawakuuliza kwa nini treni inasimama. Waliuliza inasimama siku gani. Wakaja na magunia ya dengu, na kuku, na michembe ya viazi vilivyokaushwa, na wagonjwa wao kwenye vitanda, na vijana waliokuwa wanakwenda machimboni Mwakitolyo kutafuta maisha. Euphrasia akipanda nao wanapanda. Waliompisha kiti ni wengi.

Mumewe, Mihayo, alikuja na binti yao Wema. Siku za treni aliacha shamba mapema, akaoga, akavaa shati la kanisani.

"Mama Wema, hujambo?"

"Sijambo. Mgongo tu."

"Huyu ameanza shule."

"Amepata sare?"

"Amepata. Ila gauni ni refu."

"Lipinde. Anakua huyu." Euphrasia alimgeuza mtoto, akatazama mgongoni. "Na kola umsaidie kuipiga pasi."

Mihayo alisubiri mtoto asogee, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Huko Shinyanga wanakupokea?"

"Nafika getini. Mlinzi ananifungulia. Halafu najikuta nipo hapa."

Edson naye alishuka siku moja, akaenda hadi alipokuwa amesimama. Alivua kofia.

"Siku ile nilikuona," alisema.

"Najua. Ulipiga honi."

"Tulikuwa na kijani wiki nzima. Nikisimama pasipo kituo, wanakata mshahara wangu."

"Mliipata hiyo kijani?"

"Tuliipata."

Euphrasia aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeuliza njia akaelekezwa, akapanda behewani. Edson alirudi kwenye injini, na tangu siku hiyo chai ilimshinda kunywa kabla ya kupita Igumbya.

Ubao wa Mwanza ulianza kuwa mwekundu. Kupakia dengu na wagonjwa kulichukua muda. Mafundi walibadilisha breki, treni ikasimama. Walibadilisha injini, ikasimama. Walimpumzisha Edson na kumleta dereva wa Tabora ambaye hakuwahi kusikia habari za Igumbya, naye treni ikamsimamia mikononi. Ndipo kampuni ikamtuma Kudra, ofisa wa tathmini, akaone kwa macho yake.

Kudra alikuwa dada wa Tanga, mpole, mwenye tabia ya kusikiliza mpaka mwisho. Alikaa daraja la tatu mkabala na Euphrasia na kumsemesha njia nzima. Alimuuliza angependa nini kifanyike.

"Mimi nishakufa, dada," alisema Euphrasia. "Nataka kufika hospitali, lakini nishakufa. Hawa wengine ndio wafikirie."

Kudra aliporudi Mwanza alipendekeza Igumbya kirudishwe na abiria wahesabiwe upya wakati wa mvua. Meneja alimsikiliza vizuri. Hakubisha kwamba marehemu anapanda treni. Chacha alikuwa ameshaeleza, na Chacha hakuwa mwongo.

"Ni sisi tunaosimamisha treni?" aliuliza.

"Hapana."

"Basi ucheleweshaji huo si wetu."

Kwenye mkataba kulikuwa na kipengele cha mambo yaliyo nje ya uwezo wa kampuni: mafuriko, ng'ombe relini, amri ya jeshi. Baada ya ng'ombe, wakamwongeza Euphrasia. Muda wote ambao treni ingesimama kwa ajili yake ungeondolewa kwenye hesabu.

"Lakini milango isifunguliwe," alisema meneja. "Tukifungua tunakuwa tumetoa huduma. Tukitoa huduma, pale ni kituo. Kikiwa kituo kinataka choo, taa, mfanyakazi na abiria wa kutosha, na abiria hawatoshi."

"Na watu wa Igumbya?"

"Igumbya si kituo, Kudra."

Kudra aliivuta karatasi ya kipengele kipya. Alisaini.

Kuanzia wiki hiyo treni ilisimama Igumbya milango ikiwa imefungwa kwa ufunguo. Euphrasia alipita mlangoni hivyo hivyo ulivyofungwa, akakaa dirishani. Wengine waligonga, wakasubiri, wakabeba magunia yao wakarudi. Ubao wa Mwanza ukawa kijani, na Edson, aliyekuwa amerudishwa kwenye injini, alipewa cheti.

Mwezi wa tatu mvua ilinyesha bila kupumzika. Mariana, mdogo wake Mihayo, akashikwa na uchungu. Muuguzi wa zahanati alimpapasa tumbo, akasema mtoto amekaa vibaya, apelekwe Shinyanga upesi. Gari la wagonjwa lilikuwa limenasa kwenye tope upande wa pili wa mto. Mihayo na majirani walimbeba Mariana kwa kitanda cha kamba hadi jukwaani. Hapakuwa na mahali pengine pa kumpeleka.

Treni ilikuja, ikasimama. Mihayo akagonga mlango kwa kiganja, kisha kwa ngumi. Chacha alijitokeza dirishani.

"Ndugu yangu, siruhusiwi."

"Huyu ni mgonjwa. Mwangalie."

"Namwona."

Euphrasia alikuwa ameshaweka mguu kwenye ngazi. Akageuka, akamtazama wifi yake kitandani, akashuka. Alitua kifurushi chini, akakifungua, akatoa khanga safi alizokuwa amejiandalia mwenyewe. Akapiga magoti.

Kwa kuwa hakupanda, treni haikuondoka. Abiria wakajaa madirishani. Katika daraja la pili alikuwemo mkunga mstaafu aliyekuwa anakwenda msibani Tabora. Dirisha lilikuwa na nondo, hakuweza kutoka, lakini alipitisha mikono.

"Binti, umewahi kuzalisha?" aliuliza.

"Nimezaa mmoja tu," alisema Euphrasia. "Wa pili ninaye."

"Basi fanya nikwambiavyo. Usivute. Mwache ashuke mwenyewe. Matako yakitoka, mfunike na khanga, asishtuke na baridi."

Abiria wakapitisha maji ya chupa, na wembe mpya, na shuka. Baba mmoja aliyekuwa na mwamvuli aliupitisha kati ya nondo akamkinga Mariana, mkono ukamfa ganzi, hakuurudisha. Mariana alipiga kelele, kisha akaacha, kisha akaanza tena. Giza lilipoanza kuingia mtoto akatoka, wa kiume, kimya. Euphrasia akamsugua mgongo kwa nguvu kama mtu anayefua, na mtoto akalia. Behewa zima likapiga vigelegele.

Damu ya Mariana haikukata.

"Hapo mimi sina la kufanya," mkunga alisema dirishani. "Huyo ni wa hospitali. Fungueni."

"Fungua!" abiria wakasema. Chacha alikuwa ameshika ufunguo. Alipiga simu Mwanza na kueleza yote, bila kuficha, hata mtoto na vigelegele.

"Abiria wenu hapo ni yule mmoja?" waliuliza upande wa pili.

"Yule mmoja."

"Ameshapanda?"

"Bado."

"Akipanda, ondokeni."

Chacha akakata simu. Euphrasia alikuwa amesimama chini ya dirisha, mikono ikiwa na damu hadi kwenye viwiko.

"Na huyu?" aliuliza.

"Wewe una utaratibu wako, dada. Yeye hana."

"Basi sipandi."

Akakaa chini jukwaani, kichwa cha Mariana mapajani. Treni ikabaki pale pale. Edson alizima injini, maana mafuta yalikuwa yanaungua bure, akakaa gizani na kofia magotini. Kule Mwanza hakuna aliyehangaika. Dakika zote hizo zilikuwa zinaondolewa kwenye hesabu kadiri zilivyopita. Euphrasia angeweza kuizuia treni mpaka mvua iishe na rangi isibadilike. Waliohangaika ni waliokuwemo ndani. Watoto walianza kulia njaa. Mkunga alikuwa na maiti ya kaka yake inayomsubiri Tabora, na hakuondoka dirishani.

Mihayo ndiye aliyelielewa jambo hilo kwanza.

"Mama Wema," alisema, "wa Mwanza hawaumii. Tunaumia sisi."

Alikwenda akarudi na mkokoteni wa ng'ombe wa jirani. Walimlaza Mariana juu ya mabua makavu, mtoto wakamfunga kifuani kwa mke wa jirani, wakafunika turubai. Euphrasia aliusindikiza mkokoteni hadi mwisho wa jukwaa. Zaidi ya hapo hakuweza kwenda. Alisimama mpaka taa ya Mihayo ilipopotea nyuma ya ua wa minyaa. Kisha akanawa mikono kwa maji ya chupa aliyopewa, akapita mlangoni, akakaa. Treni iliondoka.

Mkokoteni uliingia Shinyanga kesho yake asubuhi, tope likiwa limewafika ng'ombe tumboni. Madaktari walimwokoa Mariana, lakini kizazi walikitoa. Alikuwa na miaka ishirini, na yule alikuwa mtoto wake wa kwanza. Kwenye ubao wa Mwanza treni ile ilipewa kijani. Kudra aliipita korido mara mbili siku hiyo na mara zote mbili alitazama ukuta wa upande mwingine.

Mihayo alirudi Igumbya, akaenda jukwaani siku ya treni, amevaa shati lake la kanisani. Watu kadhaa walikuwepo na mizigo yao, kwa sababu mtu hawezi kujua.

"Mariana yupo hai," alimwambia mkewe.

"Na mtoto?"

"Ananyonya."

"Namshukuru Mungu." Euphrasia alijishika kiuno. Treni ilikuwa inapunguza mwendo. "Walimshona vizuri?"

"Walimshona."

"Mwambie asibebe maji kwanza. Abebewe."

Treni ikasimama. Chacha, nyuma ya kioo, aliwaamkia wote kwa kichwa. Mtu mmoja aligonga mlango kidogo, bila nguvu, akaacha. Euphrasia akapita, akakaa dirishani, na treni ikaondoka kwa wakati. Mihayo na wenzake walisubiri hadi behewa la mwisho lilipopita. Kisha walivua viatu, wakajitwika mizigo vichwani, wakashuka tuta la reli kuingia kwenye maji, kuelekea barabara kuu.