Mguu wa Picha ya Tatu

Saa kumi na mbili asubuhi, kabla wenye ofisi hawajafika, Mama Deki alikuwa ameshamaliza nusu ya sakafu ya maktaba ya hospitali. Ndoo aliisukuma kwa mguu mzima. Ule mwingine, wa kushoto, aliuvuta. Aliufunga kwa kipande cha shuka kuukuu chini ya goti, na ikifika adhuhuri kipande kile kilikuwa kimelowa, basi alijua ni wakati wa kwenda chooni kubadilisha.

Chumba cha mwisho kilikuwa cha mashine. Mkutubi alikiita ghala. Ndani ya kabati la chuma lenye vitaa vya kijani zilihifadhiwa tafiti zote za hospitali, na mtu yeyote duniani aliweza kuzisoma bure mtandaoni. Kilikuwa chumba pekee upande ule chenye kipoza hewa. Wodini hakikuwepo hata kimoja, lakini mashine haivumilii joto, na wagonjwa wamezoea.

Chumba hicho alikijua kabla ya mashine, kilipokuwa cha watafiti. Miaka minne nyuma lori la matofali lilimvunja muundi, na Profesa, aliyekuwa akijaribu aina mpya ya chuma cha kuungia mifupa, alimpasua bila malipo. Akapewa kadi ya buluu: Mgonjwa wa 31. Akaambiwa, baada ya mwaka na nusu arudi chumba hiki hiki, chuma kitolewe. Siku yenyewe alifika saa moja asubuhi, ameoga na kuupaka mguu mafuta asije akamwaibisha daktari. Mlango ulikuwa na kufuli. Akarudi kesho yake, akarudi wiki iliyofuata. Mara ya nne alikuta mafundi wakipitisha nyaya, na msimamizi wao akamuuliza kama amekuja kutafuta kazi ya usafi. Alikuwa amekuja kutolewa chuma. Lakini tumbo nalo lina yake, akasema ndiyo.

Wodi ya mifupa alishakwenda mpaka karani akawa anamtambua kwa mwendo.

"Faili namba ngapi?"

"Nina hii kadi."

"Hii ya watafiti, mama. Faili lako wanalo wao."

"Na wao wako wapi?"

"Si walimaliza wakaondoka? Bila faili siwezi kukuandikia daktari. Kompyuta haikujui."

Nyumbani, wifi yake ndiye aliyemchemshia maji ya chumvi ya kukandia. "Una chuma cha watu mguuni," alimwambia. "Siku wakija kukidai watakubeba mzima mzima." Wakacheka, maana kulia walishalia.

Jumatatu ile mkutubi alikuwa amewahi kazini. Alikuwa kijana mpole, wa kusalimia hata wafagizi, na wiki hiyo alikuwa na shughuli mikononi: Alhamisi ghala lingetimiza miaka miwili, na Profesa angekuja kutoka alikohamia. Kwenye kompyuta yake palikuwa na ramani ya dunia yenye taa nyingi ndogo.

"Njoo uone, mama. Kila taa ni mahali watu wanaposoma tafiti zetu. Hii ya Profesa peke yake imefunguliwa mara elfu arobaini na moja."

Mama Deki akainama kutazama. "Na hapa kwetu mbona giza?"

Mkutubi akajikuna kisogo. "Hapa kwetu... wodini hawana pa kufungulia. Kompyuta ya wauguzi iliharibika tangu mwaka jana."

Akaifungua ili amwonyeshe ilivyo. Maneno yalikuwa ya kigeni, lakini ukurasa wa tano ulikuwa na picha, na Mama Deki akaliegemeza fagio ukutani. Ilikuwa eksirei ya mguu. Chuma kirefu, skrubu sita, ya pili kutoka chini imepinda. Siku za bandeji daktari mmoja alimwonyesha skrubu hiyo akamtania kwamba ni kaidi kama mwenyewe.

"Huu mguu wangu."

"Eksirei zote zinafanana, mama."

Akatoa kadi kwenye mfuko wa plastiki aliouweka kifuani. Mkutubi akaisoma, kisha akasoma maandishi chini ya picha ya tatu. Namba ilikuwa ile ile.

"Nisomee na yaliyobaki," alisema Mama Deki.

"Inasema chuma kilitolewa kwa wagonjwa wote waliorudi. Tisa hawakupatikana. Inadhaniwa walihama."

"Nimehamia wapi? Ndani ya ndoo?"

Mkutubi hakucheka. Alikuwa amefika ukurasa wa nane na hakutaka kuusoma, ilionekana usoni. "Inasema kikipita miaka miwili bila kutolewa, mfupa huanza kuoza. Wanaonya madaktari wasichelewe. Wengine... wengine hukatwa mguu."

"Limeandikwa hilo?"

"Limeandikwa."

"Na hawa wote," akaonyesha taa, "wanalijua?"

Mkutubi akafunga ukurasa taratibu, kana kwamba kuna mtu amelala.

Mama Deki alikasirika. Watu asiowajua, wa miji asiyoijua, walikuwa wameambiwa habari ya mguu wake, na yeye anayelala nao hakuambiwa. Lakini jioni wifi yake alilipokea jambo hilo kama habari njema. "Si anakuja mwenyewe? Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwambie, usione haya."

Alhamisi akamvizia Profesa kwenye korido.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba, mama. Maji ya kunywa yako wapi?"

Akamletea glasi. Alipokuwa anakunywa akamwekea kadi mbele ya macho. Profesa aliitambua upesi, hata akatabasamu.

"Aa, thelathini na moja! Nyie mlitupotea sana."

"Mimi sikupotea. Nilikuja mara nne. Mlango mlifunga nyie."

"Asiyekuwepo na lake halipo, mama. Ufadhili wa utafiti ulikuwa na tarehe yake, na tarehe ilipita."

"Sikudai ufadhili. Niandikie karatasi tu, kwamba thelathini na moja ndiye mimi, wodini wanifungulie faili."

"Hapo ndipo pagumu. Majina yote tuliyafuta. Ni siri ya mgonjwa, huwezi kuamini tulivyokulinda."

"Mnanilinda na nani, Profesa?"

Akatazama saa yake, akamrudishia glasi. "Nione baada ya shughuli."

Maktaba ilijaa. Mganga Mkuu wa hospitali alishika kipaza sauti, akataja miji ya mbali mmoja mmoja, na kila mji ulipigiwa makofi. Kisha akawaomba watu watazame vizuri ramani iliyomulikwa ukutani.

"Mwaka jana hapa kwetu palikuwa giza, na niliona aibu. Leo kuna taa. Moja, lakini ipo. Mkutubi, nani huyo mwenzetu aliyesoma?"

Mkutubi alitazama viatu vyake.

"Ni mimi," alisema Mama Deki kutoka mlangoni.

Vichwa viligeuka, na makofi yalikuwa makubwa kuliko ya miji yote. "Mnaona?" Mganga Mkuu alifurahi waziwazi. "Elimu imewafikia hadi wafanyakazi wa usafi!" Mpiga picha akamkimbilia, akamwomba aweke ndoo pembeni. Ukutani ramani iliondoka, ikaja picha ya tatu, kubwa kama mlango.

"Na huo mguu ni wangu," alisema.

Wachache walicheka, kisha wakaona wenzao hawacheki, wakaacha. Profesa alipangua karatasi zake. Mganga Mkuu alishusha kipaza sauti, akaongea kwa upole kama na mtoto aliyeingia msikitini na viatu.

"Maswali ni baada ya chai, mama."

Baada ya chai gari la Profesa lilikuwa limeshatoka. Mlinzi wa geti alisema anawahi ndege.

Mama Deki alirudi kupanga viti. Mkutubi alikuwa amekwenda kurudisha vyombo, na mashine ya kumulikia ilisahaulika ikiwaka, mguu bado uko ukutani, skrubu yake imepinda palepale. Pale aliposimama wakati wa makofi sakafu ilikuwa na alama ya maji ya manjano, yenye umbo la kisigino. Akapiga goti moja, ambalo lilikubali, akaanza kufuta. Juu yake, pembeni mwa picha, hesabu ya wasomaji ilicheza ikapanda kwa mmoja. Mtu fulani, mahali fulani, alikuwa ameanza kuutazama mguu wake muda ule, bure, bila foleni wala faili.

Akakamua tambara, akafuta tena, kwa sababu alama ilikuwa imerudi.