Kadi Mbili za Jina Moja

Ilmari Hyvärinen alizikwa Februari, ardhi ya Kajaani, mji wa kaskazini ya mbali, ikiwa imeganda ngumu kama chuma. Wiki moja baadaye mjane wake, Raili, alimletea Veikko kadi ya picha, kile kibao kinachochora picha za skrini, iliyotolewa katika kompyuta ya marehemu, imeviringishwa ndani ya soksi ya sufu.

"Chukua, shemeji. Mimi nitaipikia nini?"

Veikko, rafiki wa Ilmari na fundi mstaafu wa mabasi, aliipokea kwa mikono miwili. Kila Pasaka, kwa miaka saba, yeye na Ilmari walibeba kompyuta zao hadi ukumbi wa michezo, wakakaa nafasi ya arobaini na moja na ya arobaini na mbili, wakashindana mbio za magari za kwenye kompyuta katikati ya vijana. Mwaka huu pia alikuwa ameziandikisha nafasi zote mbili. Alitaka jambo moja tu: kadi ya Ilmari ifanye kazi bega kwa bega na yake, ndani ya kompyuta moja, ili waende pamoja.

Kadi zilikuwa za jina moja, zilinunuliwa siku moja. Alizipachika, akaziunganisha kwa kidaraja, kile kipande kidogo cha kuzifunga pamoja, akawasha. Feni zote zikazunguka, lakini kompyuta ilikataa kuzifanya jozi. Akabadilisha kidaraja. Akafuta programu na kuiweka upya. Akajaribu kila kadi peke yake. Kila moja ilikuwa nzima. Siku tatu alihangaika, kahawa ikimpolea mezani, na simu haikulia hata mara moja.

Siku ya nne alifanya alichopaswa kuanza nacho. Alivaa miwani, akasoma kijikaratasi cha mgongoni mwa kila kadi. Yake ilikuwa na kumbukumbu ya giga moja. Ya Ilmari, robo tatu ya giga. Majina yalifanana, lakini hazikuwa pacha, na zisizo pacha hazifungwi nira moja.

Akampigia Raili.

"Ilmari aliniambia kadi yake ni sawa na yangu."

"Dukani ilibaki moja kubwa," alisema Raili. "Wewe ulikuwa nje unapasha injini ya gari moto. Akakuwekea wewe, akachukua ile ndogo. Akaniambia nifunge mdomo."

"Miaka saba namshinda, namwita kobe, Raili."

"Najua. Akirudi nyumbani anacheka. 'Mwache atambe,' anasema, 'hana lingine.'"

 

Pasaka ilipofika, Tuija, aliyepokea watu mlangoni mwa ukumbi, alitafuta jina la Veikko kwenye orodha.

"Mzee Veikko. Na kobe wako yuko wapi mwaka huu?"

"Nimemleta."

Kidaraja alikiacha nyumbani. Kadi zisizofungwa pamoja zaweza kukaa kasha moja la kompyuta, kila moja na skrini yake, basi alipanga skrini mbili. Ile ya nafasi ya arobaini na mbili, mbele ya kiti kitupu cha Ilmari, aliichomeka kwenye kadi kubwa, na hapo akawasha video ya mbio zao za mwaka jana. Yake mwenyewe aliichomeka kwenye ile ndogo ya Ilmari.

Mbio zilipoanza, kwenye kona ya kwanza picha ya Veikko ilikwama, ikaruka, vijana wakampita mmoja mmoja. Kwenye skrini ya pembeni gari jekundu la Ilmari lilikuwa likiteleza bila kukwama popote.

Veikko alimaliza wa mwisho. Akajiandikisha kwa mbio zilizofuata.