Simu Tatu za Wodini

Muuguzi alipandisha oksijeni hadi mwisho, lakini kipimo cha oksijeni cha kidoleni kiligoma kupanda: asilimia themanini na nne. Mgonjwa, fundi wa kuchomelea mageti, alikuwa na siku nne tu tangu nimonia imwangushe. Sasa alihema kama mtu aliyekimbizwa.

Picha ya kifua ilipoletwa, muuguzi aliiinua dirishani. Mapafu yote mawili yalikuwa meupe kama pamba. Akampigia daktari, kijana aliyemlea mwenyewe humo wodini tangu akiwa mwanafunzi asiyejua hata kutafuta mshipa.

"Mdogo wangu, haya si maji ya moyo. Moyo tuliupima jana, mzima. Mapafu yenyewe ndiyo yanashindwa. Njoo tumweke kwenye mashine ya kupumulia."

"Dada, mpe dawa ya kukojoza, maji yatoke. Nikimaliza kliniki nakuja."

Alipiga tena saa tano, na tena saa saba. Kila mara aliandika kwenye faili: saa, dakika na jibu alilopewa. Daktari alifika saa tisa, midomo ya mgonjwa imeshageuka rangi. Wakamwingiza mpira kooni, wakamlaza kifudifudi, watu sita wakisaidiana. Wapi! Jua halijazama, fundi akakata roho.

Kesho yake kikaoni, mganga mkuu aliuliza kwa nini walichelewa.

"Niliambiwa ana kikohozi tu," daktari alisema, macho makavu. "Laiti ningejua!"

"Nimeandika kila kitu kwenye faili," muuguzi akasema.

"Ameandika baadaye, mkuu. Mgonjwa alikuwa ameshafariki."

Muuguzi alimgeukia muuguzi mwenzake wa zamu, aliyekuwa amesimama kando yake alipopiga simu zote tatu. Mwenzake akainamia viatu vyake. Ama kweli kikulacho ki nguoni mwako.

Barua ya onyo kwa muuguzi ikatoka siku hiyohiyo. Aliisaini, akaongeza kwa mkono wake: "Nimeipokea, sijaikubali."

Alasiri mke wa fundi alikuja kuchukua nguo za marehemu. Mlangoni alikutana na daktari, akamshika mikono yote miwili.

"Asante, baba. Najua ulihangaika."

"Tulijitahidi, mama."

Muuguzi alisubiri mpaka hatua za daktari ziishe koridoni. Kisha akamvutia mjane kiti.

"Kaa, dada yangu. Kuna jambo lazima ulisikie kwangu, hata likinitoa kazini."