Dirisha la Hewa Mbaya

Msumari wa kumi na sita ulizama kwenye ubao, na dirisha la chumba cha mjukuu likafungwa ndi. Seremala akarudi nyuma kuitazama kazi yake. Miaka arobaini alikuwa akiwatengenezea watu madirisha yanayofunguka. Hili la nyumbani kwake hakutaka lifunguke kabisa.

Kisa chenyewe kilikuwa homa. Mwezi uliopita malaria ilimlaza wiki nzima, na muuguzi wa zahanati, mwanamke mwenye maneno mengi kuliko dawa, akamwambia kwamba jina hilo lilitoka katika lugha ya mbali, maana yake hewa mbaya. Seremala hakungoja mengine. Nyuma ya nyumba yake palikuwa na kinamasi, na hewa yake aliijua kwa pua.

Sasa binti yake alikuwa amekuja na mtoto mchanga kukaa miezi mitatu. Siku ya pili tu, begi lake lilikuwa limefungwa tena juu ya kitanda.

"Baba, humu tunaiva. Kesho narudi kwangu."

"Heri joto kuliko homa, mwanangu."

"Mtoto ana vipele mwili mzima."

Hilo lilimchoma. Yeye ndiye aliyekuwa amemngoja mjukuu huyo miaka sita.

Mchana muuguzi alipita kumpima mtoto uzito. Akasimama mlangoni akijipepea kwa daftari. "Fundi, unakausha mbao humu?"

Alipoelezwa, alicheka mpaka akaegemea ukuta. "Ulitoka mbio kabla sijamaliza. Waliotunga jina walikosea, mzee wangu. Walinusa kinamasi wakailaumu harufu, kumbe ni mbu waliokuwa wakitoka humo."

"Kwa hiyo mimi mjinga."

"Nusu tu. Aliyeifungia hewa dirisha, mbu naye alimfungia. Chandarua ni cha kitandani. Dirisha nakuachia wewe. Watenganishe hao wawili, hewa na mbu."

Aibu ilimpata, lakini haikukaa, maana kazi ilikuwa inamwita. Aling'oa misumari mmoja mmoja akiitia mfukoni, akaunga fremu nyembamba, akatandaza wavu na kuukaza mpaka ukalia ulipoguswa. Jioni upepo ukaingia. Mbu wawili walibaki nje wakinung'unika.

Alikusanya vyombo vyake polepole, bila kuthubutu kuliangalia begi.

"Baba," binti aliita kutoka ndani, kwa sauti ya chini asimwamshe mtoto. "Una msumari nitundikie nguo?"

Alitia mkono mfukoni. Alikuwa nayo kumi na sita.